Nusu ya Doto

Jumanne, tarehe 9 Machi 1976. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa mbili asubuhi. Jua likatoka kali, na tope la barabara ya Masumbwe likaanza kufuka mvuke kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Salvina alifika kwenye Zahanati ya Nyabulanda ameshika viatu mkononi. Alipoinama kwenye ndoo ya barazani ili anawe miguu, aliona mlango umekwisha kufunguliwa. Ndani palikuwa pamefagiwa. Sindano zilikuwa zinachemka kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kuufungua mlango ule kabla yake, hata siku aliyomzika mama yake mzazi asubuhi na kurudi kazini mchana.

"Shikamoo, mama," Coletha alisema kutoka ndani.

"Marahaba. Umelala hapa?"

"Hapana, mama. Mvua iliniamsha, nikaona nije tu."

"Mvua imetuamsha wote," Salvina alisema, akavaa viatu vyake bila kukausha miguu.

Salvina alizaliwa Ushirombo, mtoto wa nne wa mkulima wa muhogo. Alisoma hadi darasa la sita. Masista wa misheni wakamchukua kufua mashuka ya wodi, na kutoka kwenye mashuka akapanda hadi kwenye vidonda, na kutoka kwenye vidonda hadi kwenye dawa. Cheti hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni macho, mikono, na kumbukumbu ya watu. Wakati wa kampeni ya ndui alizunguka porini kwa miguu akiwachanja watu, na mpaka leo alikuwa akikutana na vijana wenye ndevu akawaambia, "Kovu hilo la begani ni langu." Zahanati ilipofunguliwa Nyabulanda yeye ndiye aliyewekwa kwenye dirisha la dawa. Waliomheshimu walimwita Mama Leodgar kwa jina la mwanawe wa kwanza, na waliomwogopa walimwita Nesi. Aliyapenda majina yote mawili.

Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka uliopita, akaja Coletha.

Coletha alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa yatima, amelelewa na masista upande wa Biharamulo, akasomeshwa uuguzi miaka mitatu. Alikuja na sanduku la bati, saa ya kubandika kifuani, na mtindo wake wa kutoa dawa ambao Salvina aliuona ni mchezo wa watoto. Kwanza alimuuliza mgonjwa jina lake, hata kama anamjua. Kisha alisoma kopo la dawa mara mbili, anapolichukua na kabla ya kulirudisha. Dawa aliifunga kwenye karatasi, na juu ya karatasi akachora kwa kalamu ya wino: jua linachomoza, jua liko utosini, jua linazama. Halafu akasema, "Haya, sasa wewe ndiye nesi na mimi ndiye mgonjwa. Nifundishe." Na mgonjwa, awe bibi wa miaka sabini, alilazimika kuyarudisha maelezo yote. Akikosea, Coletha alianza upya, wala hakukunja uso.

Mwanzoni Salvina alicheka. Alijua foleni itamshinda tu. Lakini foleni haikumshinda. Coletha aliweka meza ya pili barazani, na kufikia Krismasi watu walikuwa wakifika, wanachungulia huku na huku, kisha wanakwenda kukaa kwenye benchi la barazani. Dirishani kwa Salvina walibaki wenye haraka na wageni.

Jumanne hiyo Mzee Januari, mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima, alipita mbele ya dirisha bila hata kupunguza mwendo.

"Mzee Januari, huku hakuna mtu. Njoo."

"Acha tu, Mama Leodgar. Nitasubiri kwa binti."

"Dawa ni ileile, inatoka kopo moja."

"Najua. Lakini wewe unagawa dawa kama mtu anayefukuza kuku. 'Moja asubuhi moja mchana moja jioni haya anayefuata!' Mtu anafika nyumbani hajui kama ameze au ajipake."

Benchi zima likacheka. Coletha hakucheka, akainamisha kichwa kwenye karatasi yake. Jambo hilo lilimuuma Salvina kuliko kicheko chenyewe. Angecheka, angekuwa na sababu ya kumchukia.

Saa nne hivi akaja Mbuke.

Mbuke alikuwa mke wa Bujiku, mfuga ng'ombe aliyehamishiwa kijiji cha jirani mwaka juzi wakati wa operesheni ya vijiji. Alikuwa na mapacha wa miaka miwili na nusu, Kulwa na Doto, wote wa kiume. Kulwa alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, midomo imekauka. Doto alitembea mwenyewe akivuta kanga ya mama yake, na mkononi ana kipande cha muwa.

Theonest, mganga wa zahanati ambaye kijiji kilimwita Daktari, alimpima Kulwa akasema ni malaria, apewe klorokwini. Mbuke akapeleka cheti cha dawa kwenye meza ya barazani. Hakutazama dirisha kabisa.

Coletha alisaga kidonge kimoja kwenye kijiko, akakikoroga na maji, akamnywesha Kulwa palepale na kukaa naye mpaka akahakikisha hakutapika. Nusu tatu zilizobaki akazifunga kila moja kwenye karatasi yake, akachora, akaeleza: nusu leo jioni, nusu kesho, nusu keshokutwa, hata kama homa imeshuka.

Salvina, akiwa dirishani bila mgonjwa, alikuwa akitazama yote. Alimwona Mbuke akimfuata Kulwa kwa macho alipokuwa akimeza ule uchungu, kisha akamtazama Doto.

"Na Doto je?" Mbuke aliuliza.

"Doto mzima, mama," Coletha alisema kwa upole. "Hana homa. Tazama anavyotafuna muwa."

Mbuke akanyamaza.

Kimya kile Coletha hakukisikia. Salvina alikisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Dada yake alizaa mapacha, na nyumba nzima iliishi kwa sheria yao. Ukimvika Kulwa shanga, Doto naye umvike. Ukimchanja Kulwa, Doto naye umguse kwa wembe. Mabasa, kama Wasukuma wanavyowaita mapacha, hawapewi mmoja kitu, mwingine akatazama, maana atakayenyimwa atanuna, na pacha akinuna huondoka duniani, yeye au mwenzake. Mbuke mwenyewe angeweza kusitasita. Lakini nyumbani alikuwako mama mkwe, na bibi wa mapacha ndiye serikali.

Na Kulwa alikuwa amekunywa kidonge kizima mbele ya Doto. Salvina aliiona hesabu ya mwanamke yule kana kwamba imeandikwa ukutani: ili wawe sawa, Doto alikuwa anadai kidonge kizima. Nusu ya leo jioni ingekwenda kwa Doto. Nusu ya kesho ingekwenda kwa Doto. Ya tatu ingegawanywa.

"Haya, mama, sasa wewe ndiye nesi," Coletha alisema.

Mbuke akarudisha neno kwa neno, hakukosea hata moja. Nusu leo jioni, nusu kesho, nusu keshokutwa, hata kama homa imeshuka.

Salvina akafungua mdomo. Wakati huohuo Theonest akatokeza kichwa mlangoni. "Umeona, Mama Leodgar?" alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi. "Hata huyu wa porini amerudisha kama anasoma. Hebu na wewe jaribu kumtazama mwenzako anavyofanya."

Salvina akafunga mdomo.

"Nimeona, Daktari," alisema. Na moyoni akasema, Ngoja na wewe uone.

Mbuke akambeba Kulwa, akamshika Doto mkono, akashuka ngazi. Salvina aliwasindikiza kwa macho mpaka walipopita mti wa mnyaa. Hata hapo bado angeweza kupiga kelele. Aligeuka akaanza kupanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Jioni, Kamili mumewe alirudi kutoka kwenye shamba la pamba, wakala ugali kwa mlenda. Kamili alikuwa mtu mpole asiyejua anakanyaga wapi.

"Leo nimepitia kwa yule binti wenu anifunge kidole hiki," alisema, akiinua kidole kilichofungwa vizuri. "Ana adabu yule. Amenieleza mpaka namna ya kuoga bila kukilowesha."

"Ulikuja zahanati? Mbona sikukuona?"

"Ulikuwa ndani. Sikutaka kukusumbua."

"Hukutaka kunisumbua." Salvina akasukuma bakuli la mboga. "Miaka ishirini nimekufunga vidole, Baba Leodgar. Leo nasumbuka?"

"Aa, sasa na wewe! Kidole tu."

"Basi kesho akupikie pia."

Kamili akaendelea kula. Alijua kuna vita ambavyo mwanaume hushinda kwa kutafuna tu.

Jumatano Salvina alikwenda kazini akiwa na nia ya kuuliza habari za Mbuke, na hakuuliza. Alijiambia huenda mama mkwe amesafiri. Alijiambia huenda kidonge kimoja kinatosha, amewahi kuona watoto wanapona kwa kimoja. Alijiambia pia jambo la tatu, ambalo hakulimalizia hata moyoni: kwamba mtoto akirudi na homa kidogo tu, homa ndogo isiyo na madhara, Daktari atajua kwamba kurudisha maneno siyo kupona. Alitaka iwe ndogo. Aliomba kabisa iwe ndogo.

Kutoka Nyabulanda hadi kwa Bujiku ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Hakwenda.

Alhamisi saa saba mchana walisikia sauti ya Mbuke kabla hawajamwona. Alikuwa anakimbia akipiga yowe, na nyuma yake Bujiku amembeba Doto begani. Kulwa alikuwa mikononi mwa mama yake, amekakamaa, macho yamegeuka meupe, mkono mmoja unaruka wenyewe.

"Degedege!" benchi likasema kwa pamoja, na watu wakasimama.

Theonest akamlaza kitandani. Coletha akamgeuza ubavu, akamfuta mate, akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji. Mshtuko ukapita baada ya muda, lakini mtoto hakuamka. Mwili wake ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga.

"Alimeza dawa?" Theonest aliuliza.

"Zimekwisha zote," alisema Bujiku. "Mama yangu mwenyewe ameona karatasi tatu tupu."

"Ya mwisho imeingia asubuhi hii," alisema Mbuke, na akatazama sakafu.

Theonest akasimama wima. Akamgeukia Coletha, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Ulimpa nini wewe?"

"Klorokwini, Daktari. Kimoja hapa, na nusu tatu."

"Ulisoma kopo?"

"Nilisoma. Mara mbili."

"Una hakika? Mtoto amemaliza dozi na anakufa mbele yangu! Ama umempa dawa nyingine, ama hii si malaria." Akajipangusa uso. "Siwezi kumchoma sindano ya kwinini juu ya dozi nzima, moyo wa mtoto utagoma. Inabidi apelekwe hospitali. Bujiku, una baiskeli?"

"Ninayo, Daktari, lakini mto umejaa. Jana umechukua ng'ombe."

Coletha akaacha kupangusa. Alikwenda kabatini, akalichukua kopo, akalisoma kwa sauti, akalisoma tena, kama mtu ambaye amekwisha kuacha kuyaamini macho yake. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye ile saa ya kifuani.

Salvina alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dawa. Alichokitamani kwa miezi mitano kilikuwa kimefika: binti analia, Daktari anamfokea, benchi zima linachungulia. Alisubiri kujisikia vizuri. Alichokiona ni mtoto tu. Mtoto yule angepakiwa kwenye baiskeli akafie mtoni, na dawa ya kumwokoa imo ndani ya kabati hatua tatu kutoka hapo.

"Hakumaliza dozi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasogea mpaka kitandani, akamshika Mbuke bega.

"Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "mwambie Daktari. Doto alipata ngapi?"

Mbuke akamtazama Bujiku. Bujiku akatazama dari.

"Hakuna atakayekufokea. Doto alipata ngapi?"

"Ya jioni," Mbuke alisema kwa sauti ndogo. "Na ya jana. Ndipo wakawa sawa. Ya leo nimewagawia. Ningefanyaje? Mama alisema nikimnyima Doto nitawazika wote wawili."

Theonest akawa mtu wa kazi. "Basi tangu juzi huyu amekunywa kimoja tu na kibanzi. Coletha, kwinini! Mpime uzito kwanza. Mama Leodgar, sindano ndogo." Kwa nusu saa iliyofuata hakuna aliyesema neno lisilo la kazi. Coletha alipima, Salvina akasoma kichupa, Coletha naye akakisoma, Theonest akachoma.

Kabla ya jua kuzama Kulwa alifungua macho akaomba maji.

Theonest akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Unaona sasa," alimwambia Coletha, akimwonyesha Salvina kwa kidole. "Shule ni shule, lakini uzoefu hauuzwi dukani. Mama huyu amemtazama mwanamke mara moja tu akajua. Bila yeye tungemzika mtoto. Jifunze kwake!"

Benchi liliitikia. Mzee Januari, ambaye hakuwa na dawa ya kuchukua siku hiyo ila hakukubali kupitwa, alisema kwa sauti, "Mimi nimesema siku zote, Mama Leodgar ni kichwa!"

Maneno hayo Salvina alikuwa ameyasubiri tangu Oktoba. Yalimpita kama upepo unavyopita kwenye uzio wa miba.

Watu walipoondoka, Coletha alikuwa anabadilisha maji kwenye beseni. Akasema bila kugeuka, "Mama. Jumanne ulikuwa dirishani. Ulimsikia aliponiuliza habari za Doto."

Salvina angeweza kusema hapana. Palikuwa na kelele, angesema, nilikuwa na kazi.

"Nilimsikia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Coletha akakamua kitambaa. Alikikamua kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Kisha akasema, "Doto apewe nini sasa? Maana bado kuna vidonge vya kwinini vya kesho na keshokutwa, na nikimwambia Mbuke asigawe, akifika nyumbani atagawa."

"Apewe maji ya sukari. Kwenye kijiko kama cha Kulwa, wakati mmoja, aone mwenzake anavyokunywa. Mama mkwe aitwe ashike kijiko cha Doto mwenyewe. Akishika yeye, hatasema kitu."

"Sikufundishwa hilo."

"Halifundishwi," Salvina alisema, na akajuta kwa jinsi lilivyotoka, kana kwamba bado anagombea kitu.

Theonest alirudi kuchukua koti lake. Salvina akangoja binti amwambie. Coletha aliinua macho, akasema, "Daktari, nitalala hapa na mtoto. Kesho Mama Leodgar atamfundisha Mbuke namna ya kuwapa wote wawili." Basi. Hakuongeza neno.

Njiani kurudi nyumbani Salvina alitembea polepole kwenye tope. Angesemwa, angejua la kufanya. Angejitetea, angelia, angetaja miaka kumi na minne na kampeni ya ndui. Lakini binti alikuwa na neno la kummaliza mdomoni, akalimeza, na wala hakutaka shukrani. Alimwonea wivu hata hilo. Kuandika amemzidi, kupendwa amemzidi, na sasa hata kunyamaza, maana alinyamaza ili mtu apone, na yeye Salvina alinyamaza ili mtu aanguke. Kamili alimuuliza anaumwa nini. Alisema haumwi, akalala na kanga usoni.

Asubuhi yake, Ijumaa, kulikuwa na ukungu. Salvina alimkuta Coletha amesinzia kwenye kiti, na Kulwa amekaa kitandani anagombania mkia wa shati na Doto. Mama yake Bujiku alikuwa amefika, bibi mkavu mwenye bangili za shaba, ameketi sakafuni kama mtu aliyekuja barazani kusikiliza shauri. Salvina aliwaandaa wote, kijiko cha dawa kwa Kulwa, kijiko cha maji ya sukari kwa Doto, hiki mkononi mwa Mbuke na hiki mkononi mwa bibi. Alimsomea Mbuke maelezo polepole, akamwambia, "Haya, wewe ndiye nesi," na ulimi ukamkwama kidogo kwenye maneno hayo ya mtu mwingine. Mbuke akarudisha. Bibi naye, bila kuombwa, akarudisha.

Kisha Salvina akaenda kwenye chumba cha Theonest. Alimkuta anavaa koti.

"Daktari, jana umenisifu," alisema. "Lile jambo sikulijua jana. Nililijua Jumanne, mwanamke alipokuwa bado mezani, na nilikaa kimya kwa sababu ya wivu. Coletha anajua, amenifichia siri."

Theonest alisimama na mkono mmoja ndani ya koti. Akamwambia afunge mlango ndipo aseme. Salvina aliuacha wazi, maana benchi lilikuwa limekwisha kujaa, akaanza kueleza tangu mwanzo.